Kisima Kando ya Jiwe la Mjerumani

Dhana mbaya ni uvivu wa moyo. Mwenye nayo hujiona mwerevu kuliko wenzake, kumbe ameikwepa tu kazi ndogo ya kuliamini jibu aliloambiwa. Nimesoma mengi kuhusu kosa hili katika vitabu vya dini na vya falsafa, lakini kilichonifundisha ni kiangazi kimoja cha utoto wangu, kijijini kwetu karibu na Ulaya, si ile ya Wazungu bali ya wilayani Kilosa. Na kila ninapokikumbuka kiangazi hicho, harufu ya petroli ndiyo hunijia kwanza.

Ilikuwa petroli ya jenereta lililonguruma nyuma ya kibanda cha video pale Mikumi, mahali walipopumzika madereva wa malori. Baba Mkubwa Athumani, kaka yake baba na msemaji wa ukoo wetu, alikwenda kumtazama rafiki yake mgonjwa, akatuchukua mimi na Shangazi Zaina. Wakati wa kungoja usafiri wa kurudi tukaingia kibandani. Mabati yalituchoma utosi, benchi zilinuka jasho na karanga, na kanda yenyewe ilikuwa imechezwa miaka mingi hata picha zikajaa chenga. Ilikuwa filamu ya mtu aliyetafuta sanduku la dhahabu chini ya ngome iliyobomoka jangwani. Mchanga ulimfukia, akachimba tena. Wenzake walimkimbia, akachimba tena. Mpaka sururu yake ikagonga chuma. Mfasiri wa kibanda, kijana mwenye sauti ya mnadi, alisimama kando ya televisheni akipaza sauti: “Jamaa hachoki! Nimesema hachoki!” Nasi sote tukaitikia. Njiani Baba Mkubwa alituhubiria kwamba papo kwa papo kamba hukata jiwe. Shangazi alikuwa akitazama viganja vyake.

Alikuwa na sababu. Alikuwa amerudi kwetu kutoka Kidodi, kwa mume aliyekuwa akimpiga, na Baba Mkubwa alimpokea kwa sharti. Alimpa kipande cha ardhi kando ya korongo lililokauka, akamwambia kwamba mvua za vuli zikianza kabla hajaweza kujilisha, atarudi kwa mumewe. “Mwanamke hakai kwao kama mgeni aliyesahau kuaga,” alisema, na wazee wakatikisa vichwa kukubali. Shangazi alitaka kupanda mchicha na bamia za kuuza gulioni, lakini mto ulikuwa mbali na ardhi ile ilikuwa ngumu kama kigae. Basi wiki ile ile tuliyorudi kutoka Mikumi alichukua jembe akaanza kuchimba kisima. Alichagua mahali ambapo majani yalikuwa bado mabichi kidogo. Kwa bahati yake mbaya, palikuwa pia kando ya jiwe.

Jiwe lile lilikuwa la saruji, limechongwa herufi ambazo hakuna aliyejua kuzisoma. Bila shaka wapima ardhi wa zamani waliliacha. Lakini kwetu, kila jiwe lenye herufi lilikuwa la Mjerumani, na kila jiwe la Mjerumani lilikuwa alama ya rupia zilizofukiwa wakati wa kukimbia vita. Baba Mkubwa aliyaweka pamoja mambo matatu, filamu, jiwe na jembe, akapata hakika. Alikwenda kusimama juu ya shimo.

“Shikamoo, kaka.”

“Marahaba. Zaina, unatafuta nini humo?”

“Maji, kaka.”

“Maji yana mto wake. Mimi nakuuliza unatafuta nini.”

“Basi kama unakijua, niambie na mimi, nisichoke bure.”

Jibu lile lilimwongezea shaka, kwa kuwa mwenye dhana hata ukweli huusikia kama mzaha. Tangu siku ile nyumba yetu ilibadilika. Mama Mkubwa alikwenda kufunua vyungu vya Shangazi kuona kama anakula nyama. Kanga yake ya zamani iliyofuliwa vizuri ilijadiliwa barazani kama kielelezo cha mahakamani. Wanawake waliopita na ndoo walimwita Mama Rupia. “Mama Rupia, bado hujafika kwa Wajerumani?” Naye alijibu kutoka chini, “Nikifika nitawapa salamu zako, wifi. Nitawaambia unawadai.” Walicheka, lakini hakuna aliyemshika mkono, maana kila mmoja aliogopa kuonekana mshirika. Shimo lilibomoka, akachimba tena. Likabomoka mara nyingine, likalimeza jembe lenyewe. Alipolifukua, mpini ulikuwa umevunjika. Jioni ile alifunga nguo zake katika kanga. Hakuwa na chuki. Alimwambia mama kwamba kesho angekwenda gulioni Ulaya kutafuta lori la kumfikisha Kidodi.

Baba Mkubwa aliliona lile furushi mlangoni. “Amepata!” alimnong’oneza baba. “Amechukua rupia za kubebeka, nyingine ameziacha.” Shangazi alipokwenda gulioni kesho yake, Baba Mkubwa aliingia shimoni na sururu, na baba akawa anavuta udongo kwa ndoo na kamba. Mtu yule ambaye kwa miaka tulimjua kwa kulalamika mgongo alichimba bila kunywa maji, bila kusikia adhana ya adhuhuri. Ukingo ulipobomoka aliuimarisha kwa miti. Kila baba alipomsihi atoke, sauti ilipanda kutoka chini: “Jamaa hachoki!” Wahenga walisema mchimba kisima huingia mwenyewe, nami nilikuwa nikimwona akizama, kifua, bega, kofia.

Shangazi alirudi alasiri kuchukua furushi lake. Lori lingeondoka asubuhi. Alitukuta ukingoni. Alichungulia. Kaka yake alikuwa amesimama katika tope, na tope lile lilikuwa likipanda taratibu kwenye mashavu ya miguu yake.

“Kaka, umepata?”

“Maji,” alisema.

“Ndiyo hayo,” Shangazi alisema, akaenda kulifungua furushi. Vuli ilipoanza, mchicha wake ulikuwa umeshauzwa gulioni, na Kidodi haikutajwa tena.

Hitimisho hili halinipendezi. Ningependa kuwaambia wasomaji kwamba uvumilivu wa mwenye haki ndio uliotoa maji. Lakini mwenye haki alikuwa amefunga mizigo, na aliyeendelea kuchimba aliendeshwa na tamaa. Ndiyo maana siziamini filamu za aina ile, ambazo sasa mwanangu huzitazama kwenye simu na kuniambia zinafundisha kutokata tamaa. Kutokata tamaa ni sururu. Haiulizi imeshikwa na nani. Na dhana nayo haijazeeka. Mwaka huu nilikuta vijana wakizunguka lile jiwe na kifaa cha kutafutia madini, wakilaumiana nani amemtangulia mwenzake, na kisima kipo hatua chache kutoka walipo, kikiwa na pampu.

Wataalamu wa maji walipokuja, walimuuliza Shangazi, ambaye sasa ni bibi kizee, ni nani aliyemsaidia kukichimba. Mpaka leo sijui kama alimsamehe kaka yake au alikuwa akimcheka kule aliko kaburini. Alijibu mara moja, kwa heshima zote, uso wake mkavu: “Kaka yangu, Athumani.”