Kikopo Chenye Jina la Mama Mkwe

Naandika haya uso ukiniwaka. Mke wangu alikuwa Dodoma kikazi, na mama yake alikuwa amekuja kwetu Visiga kutoka Kisarawe, tumbo linamsumbua, amekonda. Daktari akanikabidhi mimi kikopo: kesho ulete choo cha mama. Mimi! Mkwe! Kwao mkwe hampokezani naye hata sahani mkono kwa mkono. Nikipita uani, yeye huingia ndani. Sasa nimwambieje? "Shikamoo mama, naomba choo chako"?

Nikakiweka juu ya kigoda mlangoni pake, nikakohoa, nikatokomea. Asubuhi nikakikuta palepale, kitupu, kimefunikwa kitambaa safi. Akasema kutoka ndani, "Baba, Mungu ataniponya tu." Ningeweza kumpigia mke wangu aongee naye. Ningeweza kumwita mama wa jirani. Wapi! Nilikuwa nachelewa kazini na, kusema kweli, nilifurahi kwamba tumekwepa mazungumzo. Nikaingia msalani, nikaweka changu, nikakipeleka kwa jina lake.

Majibu yakaja safi. Akapewa vidonge, akarudi Kisarawe kwenye mihogo yake. Mke wangu akanishukuru kwa simu kwa kumuuguza mama yake, nami nikaitikia, mshenzi mimi.

Miezi saba baadaye mama mkwe alitokwa damu hadi akaanguka shambani. Saratani ya utumbo mpana. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Hawakusema kitu kuhusu mkwe anayemsaidia kuyaficha.

Hospitali ilikuwa inafanya utafiti, na sampuli ile ya kwanza ilikuwa imehifadhiwa kwa ridhaa aliyoitoa mama siku alipomwona daktari mara ya kwanza. Daktari, dada mmoja mpole, akatueleza mimi na mke wangu. Tumboni mna bakteria wengi, na wengi wao hawana neno. Lakini wapo wanaojibandika kwenye ukuta wa utumbo, na kemikali zao zinaweza kuziamsha jeni zinazokuza chembe za mwili na kuzizima zile zinazoulinda. Uvimbe nao ukishaota, huwatengenezea bakteria hao makazi mazuri zaidi. Wanalishana. Ndiyo maana walitaka kulinganisha choo cha zamani na cha sasa.

"Ila kuna jambo," akasema. "Bakteria hawafanani kabisa. Na chembe za mwili zilizomo kwenye kikopo cha kwanza ni za mwanamume."

Mke wangu akanigeukia. Hakuwa ameuliza kitu, mimi nimeshaanza kujibu. Akanisikiliza hadi mwisho, kisha akasema, "Kamwambie mwenyewe."

Wodini nikapiga magoti kando ya kitanda. Mtu mzima, na ndevu hizi. Nikamweleza yote, pamoja na ile miezi saba niliyompotezea. Nilitaka anitukane. Nilimwomba anitukane.

Akavuta khanga akajifunika uso.

"Ahsante, baba," akasema. "Ulinisitiri."