Yule wa Mstari wa Tatu

Kaka yangu alikwenda Amerika kusoma kwa ufadhili alioupata kwa mbio zake, na mwanzoni barua zake zilikuwa ndefu kuliko mahubiri ya kanisani kwetu Boito. Kilichomshangaza kuliko theluji ni vipindi vya usiku vya runinga: mtu mwenye tai nyuma ya meza, mgeni kwenye kiti pembeni, ukumbi mzima ukicheka. Alinieleza historia ya vipindi hivyo kana kwamba ni ya ukoo wetu. Mzee mmoja alikuwa amekalia meza ile karibu miaka thelathini, na alipoaga, watu wazima walilia. Wawili wakakigombea kiti. Mmoja akakipata, aliyekosa akahamia stesheni nyingine, na sasa walichekesha saa ile ile, kila mtu kwake, kama wagombea wawili wanaohutubia soko moja.

Kisha akatuma kaseti ya video. Aliandika kwamba amepata tiketi ya kukaa kati ya watazamaji wa yule aliyehama, tumtafute humo. Baada ya hapo, kimya. Mwaka ukapita, na nusu nyingine. Mama akaacha kula vizuri.

Kaseti za Amerika zilizikataa deki zetu. Picha ilipanda na kushuka tu. Mwenye duka mmoja wa Roret, aliyehamia kutoka Kisii, ndiye aliyekuwa na deki iliyokubali zote. Kwa hiyo kipindi cha usiku tulikitazama Jumamosi saa nane mchana, tukishapeleka majani kituoni, vidole vyetu bado vyeusi kwa utomvu wa chai. Mwenye meza alipoanza kumdhihaki rais wake, mwenye duka alikimbia kupunguza sauti, akachungulia mlangoni.

“Mwalimu,” akaniambia, “hii maneno itatufunga.”

“Lakini si rais wetu.”

“Rais ni rais.”

Macho ya mama yalikuwa yameziba kwa mtoto wa jicho. Aliona mwanga na vivuli tu. Mimi ndiye niliyemtazamia. “Yuko wapi?” aliuliza kila kamera ilipogeukia watu. Nilisimamisha picha, nikapitia uso mmoja mmoja. Hakuwamo. Nililijua hilo tangu Jumamosi ya pili, ila niliendelea kusema bado natafuta.

Jumamosi ya nne mama alishika ukingo wa benchi, akasema atakufa bila kumpata. Sikuweza tena. Nilimwona kijana mmoja mweusi, nisiyemjua hata kidogo.

“Yule pale. Mstari wa tatu, shati jeupe. Anacheka.”

Mama akawaambia wanawake wa kanisa. Wiki iliyofuata walikuja watano, akiwemo jirani aliyembeba kaka yangu siku ya ubatizo. Aliinama hadi pua ikakaribia kioo. Kisha akageuka, akanitazama kwa muda mrefu, na mimi nikatamani ardhi inimeze.

“Amenona,” akasema. “Wanamlisha vizuri huko.”

“Kweli, amenona,” wengine wakaitikia. Ningeweza kuwapigia magoti wote.

Njiani kurudi, katikati ya mashamba ya chai, mama alikuwa amenishika mkono. Akasimama.

“Kwa hivyo ni mzima.”

“Ni mzima, mama.”

“Ameshiba. Anacheka.”

“Ndiyo.”

“Mimi nilifikiri amekufa, ama wamemfunga. Hivyo ndivyo nilikuwa namwombea.” Alipangusa uso kwa kitambaa cha kichwa. “Kumbe ametuacha tu.”

Nilifungua mdomo nimwambie ukweli. Lakini ukweli niliokuwa nao ni kwamba huenda mwanawe hayuko hai tena. Nikafunga mdomo. Nilijichukia, nikamchukia na kaka yangu kwa kunitwika mzigo huu. 

Jioni mama aliomba kabla ya chakula kama kawaida. Alitutaja watoto wake wote kwa majina, kuanzia wa kwanza, akamruka kaka yangu, akasema amina.