Singo Haipakwi Machoni

Zilikuwa zimebaki wiki tatu mdogo wangu aolewe, naye bado yuko kwenye dawa za kifua kikuu, nilipojitia kulilinda ini lake na ukali wa dawa hizo.

Mimi ni mwalimu wa baiolojia, na ujuaji ndio ugonjwa wangu. Nilikuwa nimesoma, katika utafiti wa panya, kwamba kemikali iliyomo kwenye manjano, kile kiungo cha mchuzi, huamsha vimeng'enya vya ini, wale walinzi wanaopambana na sumu mwilini. Basi kila asubuhi nikamkorogea vijiko viwili vya manjano, na pilipili manga juu yake ili yapenye vizuri damuni. Alikunja uso, akanywa.

"Wewe ndiye uliyesoma, dada," alisema.

Wakati huo alishawekwa ndani, somo wake, kungwi wa kumfunda, anamsinga kila siku kwa singo ya liwa na manjano ili ngozi ing'ae. Kwa hiyo ngozi ilipozidi kuwa njano, nyumba nzima tulifurahi: bibi harusi amekolea! Alipokataa chakula, nilimtania kwamba anamwogopa mume.

Asubuhi moja nilifungua dirisha, jua likampiga usoni. Weupe wa macho yake ulikuwa wa njano. Singo haipakwi machoni. Nilimwita mama, tukamkimbiza hospitali.

Hospitalini, mjini Masoko, daktari aliyasoma majibu ya damu mara mbili. Vimeng'enya vya ini vilikuwa vimevujia kwenye damu kwa wingi wa kutisha, ishara kwamba ini lenyewe linaumia.

"Mbali na dawa zetu, anatumia kitu kingine?"

Mama alinifinya paja. "Hapana, mwanangu. Chakula tu."

Alikuwa ananisitiri mimi. Nami, Mungu anisamehe, nilinyamaza. Daktari alishaanza kuandika.

"Namnywesha manjano," nikasema. "Mengi, na pilipili manga. Ni mimi."

Aliweka kalamu chini. Afadhali angenigombeza. Alisema tu kwamba kinachomfaa panya wa maabara kinaweza kulielemea ini lililokwisha kubeba dawa kali, na kwamba hawezi kujua kipi kimemdhuru. Akasimamisha vyote, dawa na manjano. Nilipouliza kama atapona, alisema tusubiri vipimo.

Tulisubiri wiki nzima, kisha nyingine. Harusi ikaahirishwa. Ini likatulia, dawa zikarudishwa moja moja, akamaliza dozi, akaolewa. Alhamdulillahi.

Hajawahi kunilaumu. Ila mpaka leo nikimpa kikombe cha chai, hukitazama ndani kwanza, kisha hunitazama mimi, ndipo anywe.