Kushuka Kasenyi Kumpokea Mke Wangu

Sifa ni zako, Mungu uliyetenga nchi kavu na maji, uliyenipeleka na ukanirudisha nikiwa na pumzi ya kusimulia. Naanza na wewe, kwa sababu pasipo wewe habari hii ingeishia njiani.

Ndugu zangu wa kanisa, mmeniuliza kwa nini mimi mwinjilisti wenu, mtu wa umri wangu, nilishuka ziwani wakati wa vita. Nilimfuata mke wangu. Alikwenda kumuuguza mama yake katika kijiji cha wavuvi, kaskazini mwa Kasenyi, akiahidi kurudi baada ya wiki mbili. Mapigano yakafunga barabara. Mama yake akafariki, akamzika mimi nikiwa mbali. Kwa miezi minane nilikunywa chai peke yangu nyumbani kwetu mtaa wa Lumumba, Bunia, na kila asubuhi mkono wangu uliweka vikombe viwili mezani.

Kisha ardhi ikatetemeka. Hapa Bunia tulipata nyufa za ukuta tu. Kule ziwani nyumba zilianguka, na mawe yaliyoporomoka kutoka mlimani yakaziba njia ya miguu. Tukasikia kwamba walinzi wa ziwa, wale wanaokagua mitumbwi na kuwaokoa wavuvi dhoruba inapopiga, wanawatoa watu kwa mashua na kuwaleta Kasenyi.

Jumanne asubuhi, barabara ilipofunguliwa kwa siku chache, nilipanda lori la kanisa lililobeba maharage, unga wa muhogo na blanketi. Dereva, Papa Zakayo, mtu wa Butembo, aliutazama mfuko wangu akauliza kuna nini ndani. Nikamwambia ni kitenge kipya cha mke wangu na kitabu chake cha nyimbo.

"Muzee," akasema, "weye iko nakwenda kwa vita ao kwa ndoa?"

Moyoni nilicheka. Kwenye bariere ya tatu, kizuizi cha barabarani, wenye bunduki walishusha mifuko miwili ya maharage, kisha wakaniomba niwaombee. Niliwaombea.

Saa saba mchana tulianza kuteremka. Baridi ya Bunia ikabaki nyuma, joto likapanda, na ziwa likaonekana chini limetulia kama halijui lolote. Nilitafuta kwa macho upande wa kaskazini, mahali milima inapoingia majini. Nikasema kimoyomoyo, yuko pale, na mimi niko hapa, Bwana.

Kasenyi ilikuwa imejaa. Watu walilala chini ya maturubai hadi ukingo wa maji. Walinzi walikuwa na mashua moja na utaratibu wao. Kabla ya kuondoka, Komanda wao aliandika majina ya ndugu waliotajwa na watu wanaowangoja. Alipofika kijijini, baada ya kuwapakia majeruhi, alisimama mbele ya mashua na kuita majina hayo. Aliyeitika alipanda, maana Kasenyi haikuwa tena na nafasi ya mtu asiye na wa kumpokea. Nikatoa jina la mke wangu la ubatizo, Elizabeti.

Jioni mashua ilirudi na majeruhi, wazee, na akina mama wenye watoto mgongoni. Elizabeti hakuwamo. Jumatano iliondoka mara mbili, na mara zote mbili nilisimama majini hadi magotini nikihesabu vitambaa vya kichwa.

Alhamisi asubuhi Komanda aliniita. Alisema mafuta yaliyobaki ni ya safari moja, na mapigano yanakaribia tena barabara yetu. Papa Zakayo naye alikuwa ameshawasha injini, akisema tusipoondoka siku hiyo hatutaondoka.

"Muzee," Komanda akasema, "tunaita ile jina mara tatu, hakuna mutu anaitika. Kule wanawake wanajulikana kwa mutoto. Mutoto yenu ya kwanza ni nani?"

Nilitazama ziwa kwanza. Nanyi mnajua kwa nini. Mwanzoni mwa vita mwanetu alikwenda sokoni Kpandroma kununua viazi, hakurudi, wala hatukupata mwili wa kuzika. Kila jirani alipomwita mke wangu kwa jina la mtoto, mimi niligeuka kutazama mlangoni. Nikawaomba mwache. Mkaanza kumwita Mama Mwinjilisti, na yeye hakusema neno. Mimi mwenyewe sikuwa nimelitamka jina lile tangu wakati huo, hata katika sala.

"Yohana," nikasema.

Mlinzi aliyeshika kamba akaanza kucheka. "Mama Yohana? Ule anatugombezaka juu ya viatu yetu ya matope? Iko kule, anafunga watu vidonda."

"Mwambieni," nikasema, "Papa Yohana iko namungoja."

Saa tisa mashua ilirudi. Alikaa nyuma kabisa, amekonda, mtoto wa mtu amelala magotini pake. Nilimpa mkono akashuka. Hatukukumbatiana mbele ya watu. Alikipokea kitenge, akakishika kifuani.

Ndipo akaniambia polepole, "Tangu siku ya kwanza nilisikia wanaita Elizabeti. Nilipatia wengine nafasi yangu. Kule kila mutu aliniita Mama Yohana. Niliona nikirudi kwako, kwenye jina yake haiitwi, nitamuacha mutoto tena."

Nilimwomba msamaha, naye akaniambia tupande lori, Papa Zakayo amepiga honi mara nne.

Tulifika Lumumba kabla jua halijazama. Jirani yetu alikuja mbio, akasimama ghafla, hajui amwite nani. Nikamwambia, "Msalimie Mama Yohana." Akamwita kwa sauti. Mimi, kama zamani, nikageuka kutazama mlangoni. Nikamwona mke wangu naye anatazama. Miaka yote nilidhani ninatazama peke yangu.

Hilo ndilo nililojifunza safarini. Asubuhi sasa tunaweka vikombe vitatu.

Wewe unayesoma, kama kuna jina unaloogopa kuliita, Mungu akupe sauti ya kuliita na mtu wa kuitazama njia pamoja nawe. Akulinde barabarani na majini, na amrudishe kwako kila unayemngoja, hapa au mbinguni kwake. Amina.