Meno ya Kaseti

Jana alasiri mtoto wa marehemu kaka yangu aliniletea kifurushi dukani. Mimi nauza mabomba na matangi ya maji hapa Garissa. Duka ni langu, jengo ni langu, na shule niliishia darasa la tatu. Kijana huyo nimemlea mimi tangu hajajua kukaa, na ugonjwa wake ni mmoja tu: muziki wa zamani. Kuna mwanamuziki mkongwe wa hip hop anayetoa upya albamu zake za ujanani, kwa kaseti, kila moja na namba yake ili ujue ni chache, na watu wazima wenye akili zao wanazigombania.

"Adeer, cheki hii," akasema. Ndivyo anavyoniita, baba mdogo. "Albamu ya kwanza kabisa! Jalada lilelile. Si ulisema uliipenda utotoni?"

"Nilisema naijua. Sikusema naipenda."

"Wallahi wewe mzee hufurahi hata kwa bahati mbaya." Akacheka. Ana kicheko cha baba yake, ambaye hakuwahi kumwona.

Nikaishika ile kaseti, nikaigeuza kutazama mgongo wake.

Nikurudishe nyuma kidogo, rafiki yangu. Kaka na mimi tulilelewa na bibi, ayeeyo wetu, jirani na soko la mifugo. Bado nasikia harufu ya asubuhi zile: ubani, anjera ikimwagwa kwa duara kwenye chuma cha moto, chai ya maziwa ya ngamia yenye ladha ya moshi. Kazi zangu zilikuwa mbili, kupeleka punda mtoni kuchota maji, na kushika redio yetu ya kaseti mbili. Bibi hakujua kusoma, barua zake zilikuwa kaseti. Aliketi mkekani, nikabonyeza, akaanza. Alisalimu mtu mmoja mmoja, akaulizia ngamia kwa majina yao, akatia shairi, ndipo akalifikia neno lenyewe. Dereva wa lori aliibeba mpaka Griftu, mpaka Banissa, na jibu lilirudi kwa kaseti ileile. Simu ya upepo ilikuwepo, lakini ile ilisikilizwa na mji mzima. Siri ilikwenda kwa kaseti.

Na kila alipomaliza, aliniuliza, "Umevunja meno?"

Meno ni vile vijipande viwili vya plastiki mgongoni mwa kaseti, kimoja cha kila upande. Ukivunja la upande fulani kwa msumari, redio haiwezi tena kurekodi juu ya upande huo.

Kiangazi hicho kaka alikuwa Griftu akiuza mbuzi, mkewe ana mimba nyumbani kwetu. Makorongo wa machinjioni walikuwa wamehamia juu ya paa letu, na bibi akiwafukuza wanarudi. Siku moja jirani mmoja mwanamke aliingia amejifunika uso. Alimwambia bibi kwamba kuna watu wanalingoja lori la Alhamisi njiani, kwamba ameyasikia ndani ya nyumba yake mwenyewe, na akijulikana kasema, hatabaki hai. Bibi akafunga mlango. Aliniita, akasema na kaseti kwa sauti ya chini, salamu na shairi kwanza kama kawaida, hata upande ukakaribia kuisha ndipo akalifikia neno lenyewe: usipande lori la Alhamisi, kaa hukohuko mpaka nikuambie.

Asubuhi ileile mwana wa mwalimu, watu waliotoka bara, alikuwa ameniazima albamu hiyohiyo ya hip hop. "Nirudishie kabla ya adhuhuri," aliniambia. "Baba akinichuna ngozi, yako ndiyo itakayofuata." Sikuwa na kaseti tupu. Nikawaza, bibi ametumia upande mmoja, wa pili unakwenda bure. Kaka atafurahi, na kaseti ikirudi muziki utakuwa wangu. Basi nikavunja jino moja tu, la kulinda maneno ya bibi, nikaacha la pili.

Nikajaribu kurekodi, kitufe kikakataa kushuka. Nikasema, vizuri, huu ndio upande wa bibi, umelindwa. Nikageuza. Kikashuka.

Nilikuwa nimevunja jino la upande usio wake.

"Umevunja meno?" akauliza bibi.

"Nimevunja, ayeeyo."

Lori la Alhamisi halikufika. Siku ya tatu alikuja yule dereva aliyepeleka kaseti, akakaa mlangoni bila kuvua viatu. "Nilimpa mkononi," akasema. "Akaiweka kwenye redio ya mkahawa, zikalia ngoma, watu wakacheka. Akasema, siku hizi bibi yangu anaimba rap! Akageuza upande wa pili, kimya. Akaizima, akaenda kufunga mizigo."

Mfuko wa kaka ulirudi, na kaseti ndani yake. Bibi alipitisha kidole gumba mgongoni mwake, akaligusa jino lililobaki. Akanitazama. Hakuniuliza lolote, siku ile wala mpaka tunamzika. Lakini hakuwahi tena kusema na kaseti.

Sasa hayo yote yamekwisha. Sauti zinakaa kwenye simu, mtu anasikiliza nusu na kufuta. Mkahawa ule ni benki. Bibi amelala, mwana wa mwalimu alirudi kwao, na hakuna mtoto hapa mjini anayejua kwamba kaseti ina meno.

Jana kijana aliicheza ile mpya hapa dukani. Wimbo wa mwisho ulipoisha, nilibaki nimeinama, nangoja. Kimya.

"Unangoja nini, Adeer? Imeisha."

"Yangu haiishii hapo." Yalinitoka kabla sijajizuia.

Macho yakamtoka. "Unayo ya zamani? Miaka yote hii unanificha?"

Ninayo. Niliisikiliza mara moja tu, nilipokuwa mtu mzima. Muziki unakwisha mapema kuliko ukanda, na baada yake imebaki sauti ya bibi, maneno machache ambayo kaka hakungoja kuyasikia: "...usilipande, mwanangu. Mtoto wako anakuja, akukute."

Leo nimempa. Amekaa mbele yangu juu ya tangi lililolazwa, ameziba masikio kwa vidude vyake vya kusikilizia, kichwa kinakwenda na ngoma. Nimemwambia jambo moja tu, muziki ukiisha usizime. Akanicheka.

Nusu saa inakaribia. Kichwa chake kimetulia. Ameinua kidole, kama mtu anayetaka wengine wanyamaze.