Kigae cha Kwenye Tuta la Muhogo

Mjukuu wangu wa kike kazi yake ni kuchimba vigae. Nilipowaambia wenzangu pale Lionja, kijijini kwetu Nachingwea, walicheka mpaka wakashika mbavu. "Yaani mtoto kasoma mpaka chuo kikuu halafu anakwenda kuokota vigae? Si angekuja nyuma ya jiko langu, vimejaa!" Niliwaacha wacheke. Kwetu kigae ni cha kunyweshea vifaranga, au cha kuombea moto kwa jirani. Lakini yule ni wa kwanza katika ukoo wetu kuvaa lile joho jeusi, na hata angesema anachimba mavi ya popo ningejivuna vilevile.

Watu wa mambo ya kale walikuwa wamemchukua kwa majaribio ya miezi mitatu kule Kilwa Kisiwani, kwenye mji wa kale. Walikuwa vijana sita, na mwisho wangebakizwa wawili. Akanipigia simu: "Bibi, ufuta si umeshavuna? Njoo unione. Ijumaa nina mapumziko, nitakutembeza." Nikapanda gari Nachingwea, nikapita Ruangwa alikozaliwa mama yangu, nikabadili magari mpaka kiuno kikafa. Boti sitaki kuizungumzia. Nilifumba macho mpaka waliponishika mkono kunishusha.

Ijumaa asubuhi tukatoka. Wageni wenye kofia kubwa walikuwa wanamfuata mtembezaji wao kuelekea msikiti mkubwa, wakipiga picha kila hatua. Mjukuu akataka tuwafuate.

Nikamuuliza, "Wanawake wa mji huu walikuwa wanachota maji wapi?"

Akacheka. "Bibi, wenzako wote wanauliza wafalme walilala wapi."

"Mfalme akilala hanipunguzii kazi. Maji yako wapi?"

Basi tukaacha njia ya wageni, tukakata kushoto kwenye kichochoro cha majani. Mimi nilidhani mji wa kale ni mji uliokufa. Uongo. Kuta za mawe zimesimama imara kuliko paa la shule yetu, na mizizi ya miti imezishukia kama nta ya mshumaa. Kwenye mlango wa chumba ambacho bado kina vishubaka vya taa, kuku alikuwa ameatamia. Juu ya ukuta mtu kaanika nguo za mtoto. Nilipita pale nimevua ndala, mjukuu ananiambia vaa utachomwa na miiba, nikamwambia niache.

Kisima tulikikuta nyuma. Ukingo wake wa jiwe umekatwa mifereji, mmoja hapa, mwingine pale, pande zote. Nikauliza nani kaichonga. Akasema hakuna aliyeichonga, ni kamba. Kamba za kuvutia ndoo. Nikaweka kiganja changu ndani ya mfereji mmoja, kikazama chote. Kamba laini, ya kusokota kwa mkono, imekula jiwe! Nikakaa chini.

"Umechoka, Bibi?"

"Sijachoka. Nawahesabu wanawake."

Mwenye nyumba aliyempangisha mjukuu wangu chumba, mama mtu mzima kama mimi, akaja na dumu lake. Bado wanachota palepale. Akaniona nimekaa, akasema, "Mgeni wa bara, umekuja kunywa maji ya wafalme? Yana chumvi kidogo, usije ukasema tumekuroga."

"Kwetu wakati wa kiangazi hata ya chumvi tungeyagombania."

"Basi ukishayanywa uyalipie. Nina muhogo wa kung'oa."

Mjukuu akarudi nyumbani kupika, sisi vikongwe wawili tukaenda shambani. Shamba lenyewe liko mgongoni mwa ukuta wa nyumba ya kale. Nikashika shina la kwanza. Kung'oa muhogo sifundishwi na mtu. Shina la tatu kutoka ukutani likagoma, nikalitikisa, likatoka na mizizi mitano, na katikati ya mizizi kitu kimekumbatiwa kama mtoto. Kigae.

Nilitaka kukitupa. Kidole kikakataa. Chini ya shingo ya chungu kile mfinyanzi alikuwa amebonyeza ukucha wa gumba, mmoja baada ya mwingine, alama zimelala upande mmoja kama miganda ya ufuta iliyoegemezwa ikauke. Halafu mwishoni ukucha mmoja peke yake umesimama wima.

Mimi ni mfinyanzi. Nilifundishwa na mama, naye alifundishwa Ruangwa na mama yake. Mama alikuwa hazungushi chungu, anakizunguka yeye, ameinama, anarudi kinyumenyume huku anabonyeza ukucha. Akifika pale alipoanzia, anafunga kwa ukucha wa kusimama. "Mlango nimeufunga," anasema. Chungu chake cha mwisho kilivunjwa na mbuzi, nami vipande nilivitupa kwa ujinga wa ujana. Sina kitu cha mkono wake. Sasa nimesimama kwenye kisiwa ambacho mama hakukiota hata usingizini, naona mlango wake umefungwa. Nikaweka ukucha wangu kwenye ule wima. Ukakaa.

Nikakisugua kwa maji ya dumu, nikakifunga kwenye pindo la kanga. Mwenzangu alikuwa ameinamia tuta lingine; sikumwambia mtu.

Saa tisa nilikuwa napanga mizigo, maana kesho yake nilikuwa naondoka. Mjukuu akaona fundo. "Mke mwenzangu, umeficha nini hapo? Umepata bwana kisiwani?"

Nikafungua nikamwonyesha. Utani ukafa usoni mwake. Akakaa kitandani.

"Bibi, nilitia saini karatasi. Hapa hakitoki hata kijiwe. Na sisi wa majaribio ndio tunaangaliwa kwanza." Akakigeuza. "Na umekiosha! Udongo wake nao tunaupima."

"Kilikuwa kichafu."

Hakunikemea. Ningependa angenikemea. Alikiweka mkononi mwangu, akanifunga vidole. "Hakuna atakayempekua bibi mzee. Najua kwa nini unakitaka, umenisimulia habari za mama yako tangu sijaota meno. Amua mwenyewe. Mimi sitasema."

Nikamtazama. Miaka yote ya ada, ya kulala njaa chuoni, na mimi nimekuja kumharibia kwa pindo la kanga. Nikasimama. "Nipeleke kwa mkuu wenu."

Mkuu wao wa kazi alikuwa mwanamke, umri wa mwanangu wa pili, amekaa kibarazani na makaratasi. "Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Nimekuibia." Nikaweka kigae juu ya meza.

Akavua miwani. Akanitazama mimi, akamtazama mjukuu wangu, na mimi nikaona mtoto anashusha kichwa.

"Umekitoa wapi?"

"Shina la tatu la muhogo kutoka ukutani. Shimo lipo, nitakuonyesha. Na nimekiosha."

"Umekosea, bibi. Tena mara mbili."

"Nimekosea. Huyu hakuwepo."

Akamgeukia mjukuu. "Wewe ulijua saa ngapi?"

"Saa tisa."

Akaangalia simu yake. Saa tisa na dakika ishirini. "Ninayemfukuza ni anayelala nacho," akasema. "Kesho saa moja uwe kazini. Sasa, bibi, kwa nini hiki? Vigae vimejaa kisiwa kizima."

Nikamweleza: hapa mfinyanzi alianza, huku alikuwa anarudi kinyumenyume, hapa mgongo ulimuuma, ona kucha zimeanza kusogeleana, na hapa kafunga. Mkuu akainama mpaka pua ikakaribia kugusa meza. Sisi watatu, wanawake watupu, tulikuwa tunamwangalia mwenzetu akimaliza kazi yake, na yeye alishakuwa udongo kabla babu wa babu zetu hawajazaliwa.

"Sisi tungeandika 'alama za kucha', basi," mkuu akasema. Akamsogezea mjukuu wangu daftari. "Andika alivyosema. Weka na aliyetueleza: mfinyanzi. Wa wapi, bibi?"

"Nachingwea," nikasema. Kisha nikamzuia mjukuu kalamu. "Mimi ni wa Nachingwea. Lakini mkono andika ni wa Ruangwa."

Akaandika. Wakakitia kigae kwenye mfuko mdogo wenye namba, na mimi nikarudi nyumbani nimeshika pindo la kanga tupu, bado lina unyevu wa maji ya kile kisima.