Ndoo ya Pili ya Mira

Odiel Vandaele alikuwa tarishi wa posta kwa miaka thelathini na minane, akizunguka kijiji cha Leisterhoek kwa baiskeli, na katika miaka hiyo alijifunza kila kitu kuhusu farasi. Hakuwa na farasi, lakini hilo halijawahi kumzuia mwanamume wa Flanders kutoa somo, mradi bia iko mezani. Alipostaafu akamnunua Mira, farasi jike wa kahawia mwenye matako mapana kama mlango wa ghala, na baa nzima ikajuta.

Kila tarehe mosi Desemba, sikukuu ya Mtakatifu Eloi, msimamizi wa farasi, wanyama hao wa Leisterhoek huzungushwa kanisa mara tatu, padri akawanyunyizia maji na kuwalisha mkate uliobarikiwa. Farasi aliyenawiri kuliko wote hutangulia, nyuma tu ya sanamu ya mtakatifu. Mwanamume aliyekuja bila farasi hupewa koleo na toroli, afuate mkiani kuzoa kinachodondoka. Miaka minne mfululizo aliyetangulia alikuwa Dolf, farasi wa jirani yake René Casteleyn. Safari hii Odiel alikuwa ameapa mbele ya walevi wote kwamba zamu ni ya Mira.

Basi akaukumbuka wosia wa marehemu baba yake: farasi bila shayiri ni punda. Wosia mzuri sana. Kasoro yake ndogo ni kwamba farasi wa baba alivuta jembe kutwa nzima, na Mira havuti kitu ila macho ya watu. Tangu katikati ya Novemba, Odiel akawa anammwagia ndoo ya shayiri asubuhi na ya pili jioni.

“Huyo mnyama anakula kama yuko harusini,” mkewe Godelieve alimwambia, “na kazi hafanyi.”

“Mama, wewe angalia viazi vyako.”

Manyoya yalianza kung'aa kweli. Odiel akawa anapita mbele ya nyumba ya René mara nne kwa siku, eti anamnyoosha Mira miguu.

Siku tatu kabla ya sikukuu, asubuhi, alimkuta Mira anakwaruza sakafu kwa kwato. Alilala, akainuka, akalala tena, na kila mara aligeuza shingo kuutazama ubavu wake. Tumbo lilikuwa limevimba, na ndoo ya jana jioni ilikuwa imerambwa ikabaki safi.

Annelies, daktari wa mifugo, alifika upesi. Odiel ndiye aliyempelekea barua ya kufaulu masomo yake, kwa hiyo hakuona sababu ya kumwogopa. René naye alikuja na kikombe cha kahawa, akaegemea mlango wa banda, amejaa huruma ya kijirani.

Annelies alitega sikio ubavuni kwa muda mrefu. “Kimya huku, utumbo haungurumi. Mzee Odiel, anakula nini?”

“Nyasi kavu.”

“Nyasi kavu tu?”

“Tu, binti yangu. Mimi sikuanza kujua farasi jana.”

“Nyasi peke yake hazimfanyi hivi. Tumbo la farasi ni dogo. Nafaka ikizidi inapita kabla ya kusagika, inakwenda kuchachuka kwenye utumbo mpana. Gesi inajaa, na kutapika hawezi. Kama ni nafaka, nampitishia mpira wa maji puani namsafisha, na kwato, ambako sumu ya nafaka hushukia, naziweka kwenye barafu kabla hazijashika moto. Kama si nafaka, basi utumbo umejisokota, inabidi apelekwe kupasuliwa, na anaweza kufia njiani. Kwa hiyo nakuuliza tena.”

Mira aliguna. Odiel alimtazama René, na René akanywa kahawa kidogo. Mficha maradhi kifo humuumbua, wahenga walisema, lakini hawakusema ni vigumu kiasi gani jirani akiwa mlangoni. Halafu Mira akauweka mdomo wake wa joto kwenye kiganja cha Odiel, akiamini bado kwamba mkono ule huleta mema. Alimpenda farasi huyu kuliko alivyowahi kumwambia mtu.

“Ndoo mbili kwa siku,” alisema. “Jana tatu.”

“Tatu?” Godelieve alisema kutoka nyuma ya Annelies. “Mimi hata siku ya harusi hukunijazia hivyo.”

Mpira ukapitishwa, maji yakaingia na kutoka, barafu ikafungwa miguuni. Odiel alikaa juu ya ndoo iliyofunikwa kifudifudi mpaka alasiri, Mira alipoinua mkia akaangusha kinyesi kidogo, kichachu, kilichojaa punje nzima za shayiri. Mtu mzima akalia machozi mbele ya mavi, na hakuona haya.

Siku ya sikukuu Mira alibaki nyumbani na nyasi zake, na Odiel akapewa koleo. Baa nzima ilikuja kumtazama. Dolf alitangulia, anang'aa kama kiatu kipya, na kwenye mzunguko wa pili akaacha furushi lake mbele ya mlango wa kanisa. Odiel aliinama, akalipekua kwa ncha ya koleo, kisha akaliacha toroli na kukimbia mbele mpaka alipomfikia mwenye farasi.

“René, shayiri inatoka nzima. Mpunguzie leo leo. Nakuomba, jirani.”

René hakugeuka. Kofia yake ilikuwa imenyooka na macho yalikuwa kwenye sanamu ya mtakatifu.

“Shayiri gani? Dolf wangu anakula nyasi kavu tu.”

Dolf aligeuza shingo, akautazama ubavu wake.